Wakata miwa nao wapewe maji safi na vyoo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wakata miwa wa Muhoroni, Chemelil na Miwani. Wengi wao si wenyeji wa hapa. Huletwa na makontrakta msimu wa kuvuna, hulipwa kwa tani, na kazi ikiisha huhamia kwingine.

Kundi lililovuna shamba langu msimu uliopita lilikunywa maji yaliyotekwa mtoni kwa dumu la mafuta ya kupikia, kikombe kimoja kikipokezanwa na watu wote. Choo hakikuwapo, aliyebanwa aliingia ndani ya miwa. Kambini kwao nilikuta choo kimoja cha shimo, kimefurika kwa mvua. Anayeujua udongo mweusi wa Kano anaelewa: ukilowa, shimo hubomoka na uchafu huteremka hadi mtoni, kule kule maji yanakotekwa.

Nilipomuuliza kontrakta, alisema kazi yake ni kuleta watu, mengine niulize kiwandani. Kiwandani nikaambiwa hao ni watu wa kontrakta. Mwajiri wao ni nani, basi? Sisi wakulima tunakatwa gharama ya kuvuna na kusafirisha miwa kabla ya kulipwa. Pesa inayowalipa vijana hawa inatoka mifukoni mwetu, na tuna haki ya kuuliza kwa nini haitoshi hata tangi la maji.

Tumesahau upesi. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, watu 14,275 walilazwa kwa kipindupindu katika mkoa wa Nyanza na 547 wakafariki. Watafiti walibaini kwamba hatari ilikuwa kubwa kwa waliokunywa maji ya ziwa au ya vijito, na kwa waliokula pamoja na mtu anayeharisha. Hayo ndiyo maisha ya kambini kila siku. Mwaka 2025 ugonjwa huu ulizuka tena Kisumu, Migori na Nairobi.

Kipindupindu huweza kukaa mwilini hadi siku 5 kabla ya dalili kuonekana. Kibarua hana malipo ya siku za ugonjwa, kwa hiyo akizidiwa hupanda matatu arudi kwao. Anayedhani haya ni ya wakata miwa peke yao ajiulize ameketi karibu na nani garini.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanafanya kazi nzuri vijijini, lakini wao hutembelea kaya. Kambi ya vibarua si kaya; haina mama mwenye nyumba wala mtoto wa shule, na watu wake hubadilika kila mara. Hivyo hawamo kwenye daftari la mtu yeyote, na dawa ya kutibu maji haiwafikii.

Sheria ipo. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri awape wafanyakazi maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Katiba, katika Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji salama na usafi wa mazingira. Haisemi wenyeji tu.

Naiomba Kaunti ya Kisumu iwatume maafisa wa afya ya umma kukagua kila kambi kabla ya msimu kuanza, na iwaandikishe vibarua kwa wahamasishaji wa eneo hilo. Viwanda navyo visimpe kazi kontrakta asiye na tangi la maji yaliyotibiwa na choo cha kuhamishika. Serikali ilipokodisha viwanda vinne vya sukari mwaka 2025, vikiwemo Chemelil na Muhoroni, tuliahidiwa mwamko mpya. Uanzie kwa wanaoshika panga.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa tumewapa panga siku ya kwanza, na maji ya kunywa bado tunawanyima. Mvua za masika hazingoji vikao; kambi zikaguliwe sasa.

Mkulima mdogo wa miwa,
Muhoroni, Kaunti ya Kisumu