Nakala za Kumbukumbu Zijaribiwe Kabla ya Balaa

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza ya nchi hii, mashine ya kampuni ya ICT ya Uingereza, aina ya 1500. Miaka tisa baadaye, baada ya matatizo makubwa katika hesabu za Serikali, ikatolewa amri ya mwaka 1974 ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini pamoja na televisheni, ingawa ndugu zetu wa Visiwani miaka hiyo hiyo walikuwa tayari wakitazama televisheni ya rangi. Wapo vijana wanaoucheka uamuzi huo. Sisi hatuucheki. Nchi changa ilikuwa imekabidhi vitabu vyake kwa mtambo ambao watu wake wenyewe hawakuwa na uwezo wa kuusahihisha ulipokosea, na ilikuwa na haki ya kusita.

Leo hakuna anayesita. Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na hata kabla yake, mishahara, vizazi na vifo, kodi, hati za ardhi na michango ya wastaafu vimekuwa vikihamia katika mitambo, na masijala zetu zinazidi kuwa tupu. Jambo hili ni jema na tumeliunga mkono katika ukurasa huu. Lakini kila tunapouliza kama kumbukumbu hizo zina nakala, tunajibiwa kwa haraka kwamba nakala zipo. Swali letu la pili ndilo halijibiwi: zimewahi kurejeshwa lini?

Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha kumbukumbu cha Serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon, ukianzia katika betri. Mifumo 709 ya Serikali ilisimamishwa. Mingi ilirejeshwa baadaye, lakini hazina moja ya mafaili ya watumishi, yenye terabaiti 858, iliteketea moja kwa moja, kwa kuwa ilionekana ni kubwa mno kuweza kufanyiwa nakala mahali pengine. Hiyo ni nchi inayowauzia walimwengu simu na kompyuta. Sisi tusijidanganye.

Kurejesha si kubonyeza kitufe. Katika kompyuta kuu, zile mashine kubwa ambazo mabenki na serikali nyingi duniani zinazitumia hadi leo, nakala huchukuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuimwaga diski nzima katika kanda za sumaku, pamoja na orodha ya yaliyomo. Ya pili ni kunakili faili moja moja kwa jina lake. Nakala ya diski nzima hufaa sana pale diski yenyewe inapokufa. Lakini faili moja ikiharibika siku ya Jumatano, na nakala iliyopo ni ya Ijumaa iliyopita, ofisa mwenye papara atakayerudisha diski nzima atakuwa amefufua faili moja na kuziua nyingine zote zilizofanyiwa kazi tangu Ijumaa. Mjuzi huichomoa faili ile peke yake, akairejesha kwanza kwa jina jingine, akaikagua, ndipo akaiweka mahali pake. Kisha huhakikisha kwamba katalogi, yaani daftari ya mashine inayosema faili ipi imo katika diski ipi, inaitambua. Faili isiyomo katika katalogi ni kama jalada lililowekwa katika rafu isiyo yake: lipo, wala halionekani. Tena kama faili imetandazwa katika diski mbili au tatu, nakala za diski zote hizo hazina budi ziwe zimechukuliwa kwa pamoja, kazi ikiwa imesimama, ama sivyo mtarudishiwa kichwa cha Ijumaa na miguu ya Jumapili. Baada ya yote hayo bado kuna malipo na mabadiliko ya siku tano, ambayo lazima yarudiwe kutoka katika kumbukumbu ya miamala. Wazee wa kazi hii waliweka kanda za vizazi vitatu, babu, baba na mwana, ili mwana akiwa mbovu baba yupo.

Wanaojua haya katika ofisi za umma ni wachache, na mara nyingi katika idara nzima ni mtu mmoja. Akihamishwa, huondoka na siri ya kufungulia nakala kichwani mwake.

Waliosoma chuoni watatuelewa upesi. Mtoto hahesabiwi kuwa amehifadhi sura kwa sababu ubao wake umejaa. Huhesabiwa pale anaposimama mbele ya mwalimu akaisoma pasipo kutazama. Na Maswahaba, baada ya vita vya Yamama kuwaondoa wengi waliohifadhi Qurani vifuani, hawakutosheka na vifua vilivyobaki: Sayyidna Abubakar aliagiza ikusanywe kwa maandishi, na zama za Sayyidna Uthman nakala zikapelekwa katika miji mbalimbali, si kuwekwa nyumba moja.

Ndugu zetu wa Unguja wanalifahamu jambo la mahali kuliko sisi. Waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika, walikaa gizani kuanzia Mei hadi Juni 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, mpaka waya mpya ulipopatikana mwaka 2013. Nakala iliyo ng'ambo ya waya mmoja, wakati waya huo umekatika, haimfai mgonjwa wala mhasibu. Kwa hiyo tunapendekeza Serikali zetu zote mbili zitazame pia mikoa ya mbali na bahari. Songea iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na tangu mwaka 2018 inapata umeme wa gridi ya taifa kwa njia ya Makambako badala ya kutegemea majenereta. Hatusemi haya kwa ubinafsi wa mkoa, ingawa hatutakasirika tukipewa.

Mwenye kuumia faili inapopotea si mtambo. Ni mwalimu mstaafu wa Tunduru anayeambiwa kwamba michango yake ya miaka kadhaa haionekani, akatakiwa alete karatasi za mishahara ambazo mchwa walikwisha kuzila. Huyo alitimiza wajibu wake. Kutunza kumbukumbu ulikuwa wajibu wetu.

Tunawataka viongozi wa taasisi zote za umma mkoani wafanye zoezi la kurejesha kila robo mwaka, katika mashine nyingine na si ile inayofanya kazi, mhasibu mwenye hesabu zake akiwapo ili aseme kama tarakimu ni zenyewe. Fundi peke yake hatoshi. Saa zilizotumika ziandikwe, na yaliyoshindikana yaandikwe pia bila ya kupambwa, na taarifa ifike kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Siri ya kufungulia nakala iwe kwa maofisa wawili, katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Zoezi la kwanza lifanywe kwa faili za mishahara na za wastaafu, kabla ya tarehe 30 Juni vitabu vya mwaka wa fedha havijafungwa.