Eneo la Duara, na Hesabu ya Ziwa Masoko

Mwezi huu twataka kueleza hesabu isumbuayo watoto wengi, na wazazi wao pia: eneo la duara.

Kanuni yake ni fupi. Twaa nusu kipenyo, yaani urefu toka katikati ya duara hata ukingoni. Kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 22 na kugawanya kwa 7. Watoto huikariri vema, lakini ukiwauliza sababu hunyamaza. Basi mwalimu na atwae duara la karatasi, alikate vipande vyembamba vinavyoanzia katikati, kama watu wakatavyo mkate wa mviringo. Avipange ubavu kwa ubavu, ncha moja juu, ya pili chini. Kadiri vipande vizidivyo kuwa vyembamba, umbo lake lakaribia mstatili: upana wake ni nusu kipenyo, na urefu wake ni nusu ya mzingo. Kwa nini 22 na 7? Archimedes wa Sirakusa, miaka zaidi ya 2,200 iliyopita, alionyesha ya kuwa mzingo wa duara hupungua kidogo tu kuliko kipenyo mara 3 na sehemu moja ya saba.

Sasa twende Ziwa Masoko, karibu na Tukuyu, lililo katika shimo la volkano. Umbo lake lakaribia duara, na kipenyo chake chapata mita 700. Nusu yake ni 350. 350 mara 350 ni 122,500. Zidisha kwa 22, gawanya kwa 7, wapata mita za mraba 385,000, karibu eka 95. Mvua ya milimita 1 tu (na kwetu Rungwe hiyo si mvua) hulitia ziwa hilo lita 385,000 za maji.

Lakini hapa yatupasa kusimama, maana ndipo fedha zipoteapo. Mtu ana uwanja wa duara wa kuanikia maharage, nusu kipenyo mita 3 na nusu. Eneo lake ni mita za mraba 38 na nusu. Ataka mwingine wenye upana maradufu. Kamba yake sasa ni mita 7, naye adhani kazi imekuwa mara mbili. Sivyo! Eneo ni mita za mraba 154, mara nne kamili, kwa kuwa kamba imezidishwa kwa yenyewe. Aliyenunua saruji maradufu ataishiwa uwanja ukiwa nusu. Na fundi aliyepatana ujira maradufu atafanya kazi ya watu wanne kwa mshahara wa wawili; ndipo jirani na jirani waanzapo kuitana wezi, wala hakuna aliyeiba. Kabla ya kupatana, wachore maduara yote mawili ardhini kwa kamba, kisha wamwite mtoto wa shule ayapime mbele yao.