Fidla Zile Tatu Chuoni

Yapo maneno niliyoyasikia tangu ujana wangu, nami leo nayapinga waziwazi: kwamba nchi ya Kiafrika inayounda okestra ya simfoni ya taifa imeazima koti la mwenzake. Wasemao hivyo huinyooshea kidole Ghana. Mwaka 1959, miaka miwili baada ya uhuru, serikali ya Kwame Nkrumah iliunda okestra ya namna hiyo ikamkabidhi Philip Gbeho, mwalimu wa Achimota, yule yule aliyetunga muziki wa wimbo wao wa taifa. Je, alikuwa kasuku wa wazungu? Hata kidogo! Mtu huyo aliitetea ngoma ya kwao Waewe maisha yake yote.

Kabla yake alikuwapo Ephraim Amu, mkufunzi wa chuo cha ualimu cha Akropong. Mwaka 1933 alifukuzwa kazi kwa kuvaa vazi la kwao kanisani na kutaka ala za kwao zisikike katika ibada. Waliomfukuza waliona ngoma haifai mahali pa heshima. Wa siku hizi wanaona fidla haifai mkononi mwa Mwafrika. Mimi nasema hao na hawa ni ndugu wa tumbo moja.

Najua, maana nilikuwa mmoja wao. Mwaka 1979, nikiwa mkufunzi kijana, chuoni kwetu kulikuwa na fidla tatu. Nilisimama kikaoni nikanguruma kwamba ni mabaki ya ukoloni. Zikatupwa stoo, mchwa wakazila. Mwanachuo mmoja mwenye asili ya Unguja akanifuata nje, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, na fidla ya babu yangu ya taarab, nayo ni ya kikoloni?" Ikhwani Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905, nami nilikuwa nimeisikiliza redioni mara ngapi! Nikamwambia arudi bwenini.

Wapinzani wangu hupenda kumtaja Nana Danso Abiam, aliyeanzisha Pan African Orchestra mwaka 1988 kwa filimbi za atenteben, zeze za gonje na marimba za gyil. Kazi nzuri mno. Lakini inathibitisha nini? Ile ya Gbeho haikufungwa ili hii isikike. Ilimwona Nkrumah akipinduliwa mwaka 1966, nayo ikabaki. Ikaja kupata makao katika Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Accra. Anayetaka marimba na apige marimba. Kwa nini lazima kwanza amvunjie mwenzake fidla?

Kijana yule hakugusa tena ala yoyote chuoni. Nilimtazama miaka miwili yote akipita mbele ya mlango wa stoo, na sikumwita.