Same: vijiti vimejaa, intaneti haiendi

Wadau, nikipanda milimani huku Upare simu inaonyesha vijiti vyote, lakini kufungua picha moja ni shughuli! Tunalaumu mtandao dhaifu, kumbe wakati mwingine mawimbi yamezidi. Ukiwa juu, simu inasikia minara mingi ya bondeni kwa mpigo. Ikitumia masafa yaleyale, inapigiana kelele.

Dawa ipo: mnara wenye antena nyingi, kama wa 5G iliyoingia nchini 2022, unaweza kukuelekezea wewe mawimbi na kuyapunguza kwa jirani. Ila lazima ujaribiwe kwenye milima yenyewe, maana miamba huyarudisha mawimbi.

Basi TCRA wakija kupima ubora, wasiishie barabara kuu. Wapande juu! Wa Chome na Gonja, kwenu vipi?