Mgeni Mpe Jembe, Usimpe Mtoto

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe mtoto. Lakini katika Tabora yetu, na katika miji iliyopangana na reli mpaka Kigoma, twaona jambo ambalo wazee hao wasingelikubali hata kidogo. Mtu hufika asubuhi, husema amekuja kujitolea, na kabla jua halijatua amekwisha kabidhiwa watoto arobaini wa watu. Hakuulizwa ametoka wapi. Hakuulizwa kwa nini ameondoka huko alikotoka. Ameulizwa neno moja tu: utaanza lini?

Sisi twasema desturi hii ikome. Twataka kila anayejitolea kufanya kazi na watoto achunguzwe kwanza mwenendo wake, ndipo apewe watoto. Awe mwalimu wa kujitolea, ustadhi wa madrasa, mwalimu wa Shule ya Jumapili, mkufunzi wa mpira, kiongozi wa skauti, mlezi wa kituo cha yatima, au msimamizi wa vijana wa Chama. Awe Mnyamwezi, Muha, Mwarabu, Mhindi au Mzungu. Swali liwe moja kwa wote.

Njia yetu hii ni njia ya kale. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea mpaka Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua kisima kwa kisima. Lakini msafara haukukatiza nchi ya mtemi kimyakimya. Ulisimamishwa, ukaulizwa una nani na unachukua nini, ukatozwa hongo. Na Mirambo alipogombana na wafanya biashara wa Tabora mwaka 1871, aliifunga njia ya Ujiji, hata Stanley pamoja na bunduki zake na bendera yake akalazimika kuzunguka kwa kusini. Hatusifu vita, wala hatusifu hongo. Twasema tu kwamba watu wa nchi hii walijua zamani sana kumwuliza mpita njia. Na mahali walipouliza, kisha wakanyamazishwa kwa nguo na shanga, twajua ni nani waliopita wamefungwa minyororo. Watoto walikuwamo.

Sasa tutazame mambo ya leo. Shule zetu nyingi za msingi zina walimu wachache, na wazazi huchangishana ili kumpa chochote kijana anayejitolea kufundisha. Darasa la saba huwekwa kambini kabla ya mtihani, watoto wakalala shuleni. Jioni kuna twisheni, Jumamosi kuna mpira, Jumapili kuna kwaya. Kazi hizi zote hazingekwenda bila watu wa kujitolea, na wengi wao ni watu wema. Ni vijana waliomaliza chuo na bado wanangoja ajira, nao hufundisha kwa moyo kuliko hata baadhi ya wanaolipwa. Hao twawaheshimu, na ni kwa ajili ya heshima yao pia kwamba twasema haya. Mtu mwema hapotezi kitu akiulizwa. Anayeudhika kwa swali hilo ndiye wa kutazamwa mara mbili.

Mwalimu aliyeajiriwa na serikali ana jalada. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, yaweza kumwita, kumhoji na kumwadhibu. Mwalimu wa kujitolea hana jalada. Akikosea, mara nyingi adhabu yake kubwa ni kuambiwa asirudi kesho. Naye asiporudi kesho, yuko wapi? Amepanda gari la moshi. Akifukuzwa Tabora atashuka Urambo. Akifukuzwa Urambo atashuka Kaliua. Na Kaliua njia zagawanyika, moja yaenda Mpanda, nyingine yaenda Uvinza na Kigoma. Katika kila kituo anashuka mtu mpya mwenye shati safi na maneno matamu, na watoto wa kituo kile hawana habari ya watoto wa kituo cha nyuma.

Wako watakaosema tunatia watu hofu bure. Basi na wasome. Utafiti wa taifa uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 uliwauliza vijana wetu wenyewe. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana alikuwa mmoja katika kila 7. Hatusemi kwamba makosa hayo yote yalifanywa na watu wa kujitolea, maana mengi hufanywa na jamaa, majirani na watu wanaofahamika. Lakini nyumba ya jirani hatuwezi kuifunga kwa kanuni. Mlango wa darasa, wa kambi na wa kituo cha yatima uko mikononi mwetu.

Tutazame kwa jirani zetu wa Kenya. Mmarekani mmoja kutoka Pennsylvania alifungua kituo cha watoto huko Boito, katika Bomet, mwaka 2008. Alisifiwa kuwa mtu wa Mungu. Mwaka 2017 alikimbia wananchi walipogundua alivyokuwa akiwatendea wasichana wa kituo, na mwezi wa Februari 2021 mahakama ya kwao ilimfunga miaka 15 na miezi 8. Jina lake halistahili wino wetu. Lakini wasomaji na walijue hili: mtu huyo alikuwa amekwisha hukumiwa huko Iowa mwaka 1996 kwa shambulio la nia ya kingono. Habari hiyo ilikuwa imeandikwa katika vitabu vya mahakama miaka 12 kabla ya kituo kufunguliwa. Swali moja, barua moja, lingetosha kumzuia.

Mwingine alikuwa kijana mwanafunzi kutoka Oklahoma, aliyekuja kujitolea katika kituo cha watoto Nairobi mwaka 2014. Alikuwa akilala humo humo kituoni. Mwaka 2016 alihukumiwa Marekani kifungo cha miaka 40. Kijana wa umri ule kwa kawaida cheti chake huwa cheupe. Kwa hiyo hatudai cheti peke yake, na hilo tutalieleza mbele.

Na Waingereza, waliotutawala mpaka mwaka 1961, je? Mwezi wa Agosti 2002, katika mji mdogo wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtunza majengo wa shule ya sekondari ya mji ule. Mtu huyo alikuwa amelalamikiwa mara kadhaa kwa polisi wa sehemu nyingine ya nchi kwa mambo ya wasichana, lakini kumbukumbu hazikutunzwa wala hazikufika kwa waliompa kazi. Tume ya uchunguzi ilitoa taarifa yake mwaka 2004, na sheria mpya ikatungwa mwaka 2006. Leo Mwingereza anayetaka kujitolea kufundisha na kutunza watoto kwao huchunguzwa na idara maalumu ya serikali. Ipo hata hati yao maalumu ya ulinzi wa watoto, inayotolewa tangu mwaka 2012, kwa Mwingereza anayetaka kufanya kazi na watoto katika nchi za nje. Shule au kituo chochote cha Tabora chaweza kuidai.

Basi twauliza: ni mara ngapi tumeidai? Mtu huyo huyo, kwao anaulizwa. Akishuka hapa anapigiwa ngoma na kuvishwa shada. Hiyo ndiyo kasumba tuliyosema tumeitupa. Na upande wa pili kijana wetu akitaka kwenda kufanya kazi ng'ambo, anaambiwa alete cheti cha polisi kuonyesha kwamba hana makosa. Kwa kazi za watu tunachunguzwa. Kwa watoto wetu hatuchunguzi.

Sasa tuwajibu wanaopinga.

Wa kwanza husema: hiki ni kipande kimerudi. Sivyo. Kipande walichovishwa shingoni ndugu zetu wa Kenya kilikuwa cha mwenye nguvu kumlinda asiye na nguvu asitoroke kazini kwake. Uchunguzi tunaoudai ni wa asiye na nguvu, yaani mtoto, juu ya mtu mzima aliyepewa fimbo, ufunguo na usiku. Anayeviona vitu hivi viwili kuwa kimoja hajafikiri.

Wa pili husema: cheti kina ada, na kijana wa kijijini Sikonge au Uyui atapata wapi nauli na ada, naye hata mshahara hana? Hapo wana haki, nasi twasimama pamoja nao. Mtu anayejitolea asitozwe hata senti. Huko Uingereza anayejitolea halipi ada ya uchunguzi huo; kwa nini sisi tumtoze maskini wetu? Halmashauri ipeleke majina na alama za vidole polisi kwa pamoja, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa kazi ya serikali. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kimezipa serikali za mitaa jukumu la kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lao. Jukumu bila fungu la fedha ni maneno matupu. Madiwani wetu na walisemee hilo katika baraza.

Wa tatu husema: cheti huonyesha waliokamatwa tu. Ni kweli kabisa, na hapa ndipo penye kidonda chetu. Kwa nini hawakamatwi? Kwa sababu tunamalizana nyumbani. Mtoto akiumizwa, wazee hukaa chini ya mwembe, ng'ombe hutolewa, au shilingi, na mambo hufunikwa kwa jina la kulinda heshima ya ukoo, ya shule au ya dini. Ng'ombe yule hafuti maumivu ya mtoto. Anachofuta ni kumbukumbu. Mwaka unaofuata mkosaji akiomba cheti, atakipata cheupe kama theluji ya Kilimanjaro, na sisi ndio tuliokifua. Hii ni hongo ile ile ya njia ya misafara, ila safari hii anayeipokea ni baba wa mtoto. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo cha miaka 30 kwa kubaka, na cha maisha kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka 10. Sheria kali hivyo itamfikiaje mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote?

Kwa hiyo, wanachama, haya ndiyo tunayoyataka, nayo yaweza kuanza bila kungoja amri kutoka Dodoma.

Kwanza, asipewe mtu watoto kabla jina lake na namba ya kitambulisho chake hazijaandikwa katika daftari la shule au kituo, na nakala kupelekwa kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa.

Pili, alete barua ya mahali alipofanya kazi mwisho, na anayempokea apige simu huko aulize kwa mdomo wake: huyu aliondoka kwa nini? Barua hughushiwa. Sauti ya mwalimu mkuu wa Urambo si rahisi kughushi.

Tatu, cheti cha polisi, bila ada kwa anayejitolea. Mgeni wa nje alete cha kwao.

Nne, hata mwenye cheti asikae peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa, wala asilale bweni moja na watoto. Kambini wawepo watu wazima zaidi ya mmoja, na wanawake wawemo.

Tano, kumalizana nyumbani kukome. Sheria ya Mtoto inamtaka mwananchi mwenye habari ya mtoto anayedhulumiwa aitoe kwa serikali yake ya mtaa. Liko Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Yuko ofisa ustawi wa jamii. Na simu ya mtoto ni namba 116.

Mabalozi wa nyumba kumi, neno hili ni lenu. TANU ilipounda mashina katika miaka ya 1960, ilitaka kila nyumba kumi ziwe na mtu anayejua nani ameingia na nani ametoka. Mnajua nani ana kadi na nani hajalipa ada. Mjue pia ni nani anayefundisha watoto wa nyumba zenu kumi, na alikuwa wapi mwaka jana. Na kazi hiyo ianzie kwa wasimamizi wa vijana wa Chama, wale wanaowapanga watoto kwa halaiki na gwaride, ili tutakapokwenda msikitini, kanisani na shuleni kudai daftari, tuwe na letu la kuonyesha.

Watakuja watu wakubwa kuwaambia kwamba maswali haya yatawafukuza wafadhili. Wajibuni kwamba mfadhili mwema huulizwa kwao kila siku naye hajafa. Yule atakayekimbia kwa sababu ameulizwa ametoka wapi, mfungulieni njia aende, na wapigieni simu wa kituo cha mbele.