Watoto wa kanisa wanauliza. Tuwaache waulize

Tarehe 4 mwezi wa 12, 2025, rais wa inchi yetu na yule wa Rwanda walitia sahihi mapatano kule Washington. Siku sita baadaye, tarehe 10, M23 iliingia Uvira. Makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwenda Burundi, na wengi wakapelekwa kambini Busuma, mbali na ziwa. Wengine walishuka kuelekea Baraka. Katikati ya mwezi huo waasi walitangaza kwamba wanaondoka, na mwezi wa kwanza wa 2026 jeshi la serikali likarudi mjini. Watu wakaanza kurudi Kimanga, Kasenga, Mulongwe, Kalundu. Waliokuta milango ya nyumba zao ingali imefungwa walimshukuru Mungu. Waliokuta milango imevunjwa walimshukuru pia, ila kwa sauti ya chini.

Habari hizo kila mtu anazijua. Kuna jambo jingine lililorudi pamoja na watu, nalo haliko kwenye ripoti za mashirika. Vijana waliobebwa mgongoni kwenda ibadani, waliosoma shule ya siku ya Mungu, waliobatizwa katika maji ya ziwa hili hili, wanauliza kama yale waliyofundishwa ni kweli. Maswali yao hayamhusu mchungaji fulani wala kominoté fulani, yanamhusu Mungu mwenyewe. Tumewasikia Kimanga, na tumewasikia kwa simu kutoka Bujumbura na kutoka kambi ya Nyarugusu. Mama mmoja alipotueleza juu ya kijana wake, alizungumza kama mtu anayetangaza kilio.

Tunapenda kusema wazi tangu mwanzo: hatuamini kwamba jambo hili ni kilio. Lakini si jambo dogo.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Wakati wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi na Norwe walipofika pande hizi katika miaka ya mwanzo ya 1920, waliwakuta mababu zetu wakiwa na imani yao, sadaka zao na wazee wao wa kuongea na mizimu. Wale wa kwanza waliopokea Injili walifanya nini? Waliuliza kama imani waliyolelewa ndani yake ilikuwa ya kweli. Wengine walifukuzwa nyumbani, wengine wakaitwa watoto waliopotea. Makanisa tunayoyaita leo 5e CELPA na 8e CEPAC yalijengwa na watu wa namna hiyo. Tunawasifu kila tunapofanya sikukuu za yubile. Halafu mjukuu wao akiuliza swali lile lile, tunamwita kwenye maombezi ili pepo imtoke.

Wala si mara ya kwanza kwa imani ya watoto wa kanisa kutikiswa na vita. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliteka Uvira. Katika Kongo ya Wabelgiji karibu shule zote zilikuwa za misioni, kwa hiyo kijana wa wakati ule aliyejua kusoma alikuwa amekwisha kufundishwa Amri Kumi. Hata hivyo alipokea dawa na kunyunyiziwa maji, akaamini kwamba risasi itageuka maji. Hakuwa amekana ubatizo wake kwa maneno. Aliona tu kwamba ubatizo haukumsaidia mbele ya bunduki, akatafuta kinachosaidia. Leo pia, katika vikundi vinavyoitwa Wazalendo, wako vijana wa koral zetu wanaovaa hirizi chini ya shati. Tukisema kwamba kijana huyo bado ni mwamini na yule anayeuliza maswali ndiye aliyepotea, tumepima vibaya.

Sasa tuingie ndani ya maswali yenyewe.

Swali la kwanza ni juu ya unabii. Bukavu ilipoanguka mwezi wa pili wa 2025, serikali ya jimbo ilihamia Uvira, na mji ukaishi miezi kumi ukingojea. Miezi ile ilikuwa ya kufunga na mikesha. Na katika mikesha hiyo, si katika kanisa moja tu, kulisimama watu wakasema Bwana amewaonyesha kwamba mji hautaingiwa. Watu walishangilia. Wengine waliacha kutayarisha mizigo yao juu ya maneno hayo, na tarehe 10 wakakimbia mikono mitupu. Mji ukaingiwa. Tangu kurudi, hatujasikia mmoja wao akisimama mahali pale pale aliposimama na kusema: niliyosema hayakutoka kwa Bwana. Wengine wameongeza maelezo, kwamba mji uliingiwa kimwili lakini kiroho haukuingiwa. Kijana wa miaka 20 aliyelala siku tatu njiani na bibi yake anasikia maelezo hayo na kujiambia: kama hili linaweza kupindishwa hivi, ni lipi lingine walilonifundisha ambalo halikupindishwa?

Swali hilo ni la haki. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, chenyewe kinatoa kipimo: neno la nabii lisipotimia, halikutoka kwa Mungu. Kijana anayepima hivyo anasoma Biblia vizuri kuliko waliomfokea.

Swali la pili ni zito zaidi, na ndilo tunaloliogopa wote. Linahusu watu wanaoimba kitabu kimoja cha nyimbo na kuuana. Tarehe 6 mwezi wa 6, 2014, kule Mutarule katika bonde la Ruzizi, watu wasiopungua 30 waliuawa usiku, na wengi wao walikuwa katika ibada, nje, wakiomba. Wanajeshi wa serikali na wale wa Umoja wa Mataifa hawakuwa mbali, na hawakufika kuwaokoa. Miaka kumi kabla, tarehe 13 mwezi wa 8, 2004, wakimbizi wa Kikongomani zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa kambini Gatumba, ng'ambo kidogo ya mpaka wetu. Kundi la FNL la Burundi lilikubali kwamba ndilo lililofanya. Waliopona walisimulia kwamba wauaji walikuja wakipiga ngoma na kuimba nyimbo za dini. Na kabla ya hapo, mwisho wa 1998 na kuingia 1999, kule Makobola, kusini mwa mji wetu, askari wa RCD waliua mamia ya raia.

Tumeandika majina hayo matatu pamoja kwa makusudi. Katika makanisa mengi ya pande hizi utasikia moja au mawili yakitajwa, na lile la tatu halitajwi, kufuatana na nani amekaa kwenye viti. Mfulero, Mvira na Mbembe wanakumbuka wao. Mnyamulenge anakumbuka wake. Wote ni waamini. Wote wana kadi ya ubatizo. Kijana anauliza: ikiwa damu ya Kristo imetufanya ndugu, kwa nini udugu huo unaishia mlangoni mwa kanisa, au hata hauingii ndani? Anauliza pia kwa nini mchungaji anayehubiri kwa saa mbili juu ya mavazi ya wasichana hapati dakika tano za kusema kwamba kumchukia mtu juu ya kabila lake ni dhambi.

Hatuna jibu fupi kwa hilo. Tunajua tu kwamba jibu la «vijana msiingie katika siasa» halimtoshi mtu yeyote. Ni kweli kwamba tangu mwezi wa kwanza wa 2025 ECC na CENCO wanatembeza mpango wao wa amani, ule wanaouita pakte sosiale; viongozi wao walifika hata Goma mwezi wa pili kuzungumza na wakubwa wa AFC/M23, na wakatukanwa na watu wengi kwa ajili ya safari hiyo. Tuwaheshimu kwa ujasiri huo. Lakini mpango wa Kinshasa hauwezi kufanya kazi ya parokia ya Kimanga.

Yuko mtu wa nyumbani kwetu anayetusaidia kuona kwamba swali linaweza kuzaa kitu. Daktari Denis Mukwege ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi, akiwa mtoto, alivyomfuata baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, kisha akamuuliza kwa nini aliomba tu bila kumpa dawa kama alivyofanya yeye anapougua nyumbani. Baba alimjibu kwamba yeye si daktari. Tuangalie baba huyu alichofanya. Hakumwambia mtoto kwamba imani yake ni ndogo, wala hakudai kwamba maombi yanatosha kwa kila kitu. Alikubali mpaka wa kazi yake. Mtoto akaamua kuwa daktari, akafanya kazi katika hospitali ya Lemera, hapa hapa katika teritwari ya Uvira, mpaka vita vilipofika tarehe 6 mwezi wa 10, 1996, na wagonjwa na wauguzi wakauawa ndani ya hospitali. Alipoanzisha Panzi mwaka 1999, alianzisha pamoja na kanisa lile lile lililomlea. Na mwaka 2017, mbele ya Walutheri wa dunia yote waliokutana Windhoek, alizungumza kwa ukali juu ya kanisa linalonyamaza wakati wanawake wanaharibiwa. Anaendelea kuuliza, naye ni mchungaji.

Si wote wanaofika huko. Mwandishi V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki 2025, alilelewa na Wakatoliki, akaingia monasteri ya Wabenedikto kule Rwanda, kisha akaondoka. Katika riwaya yake «Entre les eaux» ya mwaka 1973, padri anaiacha parokia na kwenda kwa waasi kwa sababu anaona kanisa limekaa upande wa wenye nguvu. Mudimbe mwenyewe hakurudi kwenye imani ya utoto wake. Lakini maisha yake yote aliandika juu ya yale aliyofundishwa na watawa wale, kwa ukosoaji na kwa heshima. Mwalimu wa shule ya siku ya Mungu asifikiri kwamba amepoteza kila kitu siku mwanafunzi anapotoka.

Katika mji wetu tunaona njia tatu ambazo vijana hawa wanazifuata. Wako wanaoondoka kimya. Siku ya Mungu wanabaki nyumbani au wanakwenda ufukoni, na wachache wameingia Uislamu wa majirani zao. Wako wanaohama kutoka chumba cha maombi kimoja kwenda kingine wakitafuta nabii mwenye nguvu zaidi, na hao, kwa maoni yetu, hawajaacha kuuliza, wameacha tu kusubiri jibu. Na wako wanaobaki. Wanaimba, wanapanga viti, wanasoma matangazo, na ndani hawasadiki tena. Hao wa tatu ndio wengi kuliko tunavyodhani, na hatuwaoni kwa sababu wako mbele yetu.

Kanisa linawafanyia nini? Mara nyingi linawatia aibu. Kijana anayesema «sijui kama Mungu anasikia» anatajwa katika maombi bila jina, lakini kila mtu anajua ni nani. Mama yake anaambiwa afunge siku saba. Wakati huo huo Zaburi ya 88 iko katika Biblia ya kila mzee wa kanisa, zaburi inayolia tangu mwanzo na kuishia gizani, bila shangwe yoyote mwishoni. Habakuki alimuuliza Bwana atalia mpaka lini bila kusikiwa, naye aliona jeuri kama hii yetu. Tomaso alikataa kuamini kwa kusikia tu, na wenzake hawakumfukuza. Wiki moja baadaye alikuwa bado chumbani pamoja nao. Kama wangemtoa nje, asingekuwapo Bwana alipokuja.

Kwa hiyo tunaomba mambo ambayo hayahitaji pesa wala ruhusa kutoka Kinshasa. Mikutano ya vijana iwe na saa ya maswali ambapo hakuna anayeombewa kwa nguvu, na mchungaji asiyejua jibu aseme hajui. Waliotabiri juu ya Uvira waitwe na wazee wao, kwa upole, waseme mbele ya kanisa neno lao lilikuwa nini na limekuwaje. Na kila kanisa litaje katika ibada moja wafu wa Mutarule, wa Gatumba na wa Makobola, wote, hata kama kuna watakaotoka nje. Hilo la mwisho linaweza kuwa la hatari mahali pengine, tunajua. Pale lisipowezekana mimbarani, liwezekane nyumbani, kwa wazazi na watoto wao.

Kwa wazazi tuna neno moja. Mtoto aliyesema haamini tena bado anakula kwenye sahani yako. Ada yake ya shule usiikate ili kumrudisha kanisani. Atarudi kwa ajili ya ada, na utakuwa umemfundisha kudanganya.

Mzee mmoja wa kanisa alituuliza hivi karibuni: je, kijana aliyekiri kwamba hasadiki aondolewe kwenye koral? Tulimjibu hapana. Koral ile ilikuwa na waimbaji wanne wa besi kabla ya mwezi wa 12. Wawili wako Busuma bado. Wa tatu hajulikani alipo. Kijana huyu ndiye aliyebaki, na kila siku ya posho anafika kabla ya wengine kufagia kanisa.