KIPIMO CHA HARAKA KISISOMWE KWA HARAKA

Ndugu Wanachama,

Sisi tunaofanya kazi katika magengi ya njia ya reli upande wa Muhoroni na Kibos twaijua sana malaria. Siku hizi mtu akishikwa na homa hupelekwa zahanati, hutobolewa kidole, na tone moja la damu hutiwa katika kibao kidogo cha plastiki. Kibao hicho ndicho kinachoamua kama atapewa ruhusa ya kulala au atarudi kwenye mataruma. Basi, ndugu zangu, jambo hili lahusu chama kama vile mshahara unavyohusu chama.

Nitawaambia yaliyonipata mimi mwaka jana wakati wa mvua. Nilikwenda zahanati moja, ambayo sitaitaja, nikiwa natetemeka. Yule aliyenipima alitia damu, akatia na matone ya maji yake, na kabla hata sijamaliza kufunga vifungo vya shati akasema, "Huna malaria." Nilipewa vidonge vya maumivu nikarudi kazini. Siku ya tatu nilianguka penye kokoto, wenzangu wakanibeba. Katika hospitali nyingine damu yangu ilitazamwa kwa hadubini, na vijidudu vilikuwa tele. Siku nne nilizolala ziliandikwa kuwa za utoro na mshahara ukakatwa.

Sisemi kwamba vipimo hivi ni vya uongo. Kipimo kizuri kilichotumiwa sawasawa kimesaidia watu wengi, hasa mahali pasipo hadubini wala umeme. Zamani kila homa iliitwa malaria, na mtu mwenye ugonjwa wa mapafu alipewa dawa ya malaria mpaka akafa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Shauri hilo ni jema. Lakini kipimo ni chombo, na chombo kina masharti yake.

Sharti la kwanza ni ubora. Tangu 2008 hata 2018 shirika hilo pamoja na wenziwe walivijaribu vipimo vya viwanda mbalimbali mara nane. Walitumia damu yenye vijidudu 200 tu katika kila maikrolita. Vingine viliona vizuri, na vingine vilishindwa vibaya. Kwa hiyo anayenunua vya bei rahisi pasipo kuuliza kama vimekubaliwa ananunua hasara, na anayelipa hasara hiyo ni mgonjwa.

Sharti la pili ni joto. Paketi nyingi zimeandikwa kwamba zisiwekwe mahali penye joto kupita nyuzi 30, nyingine nyuzi 40. Nani kati yetu asiyejua joto la behewa la chuma likisimama juani Makindu au Voi? Na stoo ya mabati ni vivyo hivyo. Kipimo kilichochomwa na joto chaweza kuharibika, na kwa nje kikaonekana kizima kabisa.

Sharti la tatu ni saa. Kwa vipimo vingi jibu husomwa baada ya dakika 15 au 20, kama karatasi ya ndani ya sanduku inavyosema. Ukisoma mapema, mstari hafifu haujatokea bado. Ukichelewa sana, mstari wa uongo waweza kutokea. Tena uko ule mstari wa penye herufi C. Usipoonekana, kipimo hicho hakina jibu lo lote, yafaa kitupwe na mtu apimwe upya. Katika kazi yetu signali isiyo na taa usiku huhesabiwa kuwa ya hatari. Hakuna dereva anayesema kwamba njia ni nyeupe.

Hata masharti yote yakitimizwa, liko jambo jingine. Vipimo vingi hutafuta kitu kimoja kinachotolewa na vijidudu, kiitwacho HRP2. Kitu hicho hukaa katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo aliyepona aweza kuambiwa angali mgonjwa. Tena wako vijidudu wasiokitoa kabisa. Waligunduliwa Peru mwaka 2010, na baadaye wakaonekana Eritrea kwa wingi hata nchi hiyo ikabadili vipimo vyake.

Sasa nageukia upande wetu, maana sisi pia tuna makosa. Wako wanachama ambao wakiambiwa hawana malaria hugombana na mganga, kisha hununua dawa dukani. Wengine hupewa dawa ya siku tatu, wakapata nafuu siku ya pili, wakaiweka nusu kwa ajili ya homa nyingine. Tukifanya hivyo hatuna haki ya kumlaumu mtu mwingine.

Nashauri viongozi wetu wakikaa mezani na wakubwa wa kazi waombe mambo manne. Vinunuliwe vipimo vilivyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Stoo iwe na kipimajoto, na apatikane mtu wa kukisoma kila siku. Ukutani mwa chumba cha kupimia kuwe na saa. Na mtu ambaye kipimo kimesema hana malaria, na homa ingali juu, achunguzwe ugonjwa mwingine na damu yake itazamwe kwa hadubini. Naye apumzike pasipo kukatwa mshahara mpaka jibu lipatikane.

Saa ya ukutani na dakika 20 za kungoja si gharama kubwa. Mimi nililipa mshahara wa siku nne kwa kukosa dakika hizo, na nashukuru Mungu kwamba sikulipa zaidi.

Wenu katika umoja,
Mfanyakazi wa Njia ya Reli